Mito ya kochi: Yafaa ipangwe kwa kumfikiria anayeketi

NI jambo la kawaida siku hizi katika sebule nyingi za humu nchini. Mgeni hukaribishwa ndani, akaonyeshwa kochi la watu watatu, na papo hapo akakabiliwa na mito sita iliyosimamishwa bega kwa bega mithili ya askari wa gwaride. Hajui aketi wapi. Akiiondoa ataonekana mtovu wa adabu. Akiiegemea ataiponda na kuharibu mapambo ya mwenye nyumba. Mwishowe huketi ukingoni, akaupakata mto mmoja kama mtoto, na chai iletwapo hana mkono wa kupokelea kikombe.

Mwenye nyumba hakukusudia kumsumbua. Aliipanga mito jinsi alivyoiona katika picha za majarida na katika maduka ya fanicha, ambako kochi huonyeshwa likiwa tupu. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kochi la dukani huuzwa kwa macho, ilhali la nyumbani hukaliwa kila siku na watu wa kila umbo na umri. Mto ambao sharti uondolewe ndipo mtu apate mahali pa kuketi umewekwa pasipostahili, hata uwe wa hariri.

Kihistoria, mto wa kuegemea haukuanza kama pambo. Katika Pwani ya Afrika Mashariki, mto mkubwa wa aina hiyo huitwa takia, neno lenye asili ya Uajemi na Uarabuni na ambalo huko lilikotoka huambatana na maana ya kuegemea. Sura ya Al-Ghashiya katika Kurani huyataja matakia yaliyopangwa kwa mistari miongoni mwa neema za watu wa peponi. Kupanga mito, basi, si mtindo ulioletwa juzi na majarida.

Yatosha kuutazama mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya Turathi za Dunia mnamo 2001, ili kuelewa kazi ya takia. Vyumba vya nyumba zake za mawe ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na boriti hizo kwa kawaida hazikuruhusu chumba kuzidi mita tatu hivi. Chumba cha namna hiyo hakina nafasi ya viti vya kuzunguka meza. Anayeketi juu ya mkeka au godoro jembamba kando ya ukuta wa chokaa hana egemeo jingine ila ukuta wenyewe, nao ni mgumu. Takia ndilo linalosimama baina ya ukuta na mgongo wake.

Ng'ambo ya bahari nchini Oman, ambako jamii nyingi za Pwani zina jamaa, majlisi hupangwa kwa fikra hiyo hiyo. Matakia huzunguka chumba yakiwa yameegemezwa ukutani, na mara nyingi mto mgumu wa kupumzishia kiwiko huwekwa baina ya nafasi moja na nyingine. Mto huo mdogo ndio mpaka wa kiti. Anayeingia hahitaji kuelekezwa. Akiutazama hujua mahali pake ni wapi. Mwaka wa 2015, UNESCO iliitambua majlisi kuwa sehemu ya turathi za kitamaduni kufuatia pendekezo la Oman, Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu.

Kochi la kisasa lilikuja na egemeo lake na mahali pake pa kuwekea mikono. Kwa hivyo takia likapokonywa kazi. Lililobaki ni sura yake, na tangu hapo mto ukawa kitu cha kutazamwa. Yeyote anayetaka kupanga mito vizuri leo hana budi kujiuliza swali moja: kazi gani imesalia ambayo egemeo la kochi haliitimizi?

Jibu hupatikana kwa kipimo. Kabla ya kununua mto wowote, kitu cha kwanza kupimwa ni kina cha kiti, yaani kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye egemeo. Makochi mengi yana kina cha sentimita 50 hadi 60. Mto uliojaa sawasawa huwa na unene wa sentimita 15 hivi katikati, na hata ukibonyezwa na mgongo wa mtu bado humega sentimita nane au kumi za kiti. Kwa mtu mfupi, ambaye bila mto miguu yake huning'inia au hulazimika kujikunja mbele, sentimita hizo ni msaada mkubwa, kwani kiti humfikia mgongo na nyayo zake zikagusa sakafu. Kwa mtu mrefu ni hasara. Mapaja yake hubaki bila kitu cha kuyashikilia, na baada ya nusu saa huanza kugeukageuka.

Wazee wanahitaji kufikiriwa zaidi. Kochi lenye kina kirefu na kiti cha chini humeza mtu, na nyanya mwenye maumivu ya magoti huweza kuketi kwa urahisi lakini akashindwa kuinuka pasipo kushikwa mkono. Mto mgumu nyuma yake humsogeza mbele, karibu na ukingo, ambapo miguu ina nguvu ya kumwinua. Mto mwingine mgumu na bapa chini yake huongeza kimo cha kiti. Mito hiyo miwili, ambayo haitapigiwa makofi na mtu yeyote kwa uzuri wake, ina thamani kuliko mingine yote iliyomo chumbani, na yapasa iwe daima kwenye kiti anachokipenda mzee huyo.

Vivyo hivyo mama mjamzito hufarijika kwa mto mrefu na mwembamba, wa sentimita 30 kwa 50 hivi, uliowekwa kiunoni. Wengi huukosea mahali pake kwa kuupandisha hadi mabegani, ambako husukuma shingo mbele na kuzidisha uchovu. Mama anayenyonyesha naye huhitaji mto chini ya kiwiko ili mkono unaomshikilia mtoto usichoke.

Idadi ya mito huleta mabishano mengi, ijapokuwa hesabu yake ni nyepesi. Kochi la watu watatu lenye sentimita 180 za kukalia haliwezi kupokea mito mitano ya sentimita 45 bega kwa bega, kwa sababu mito hiyo pekee yahitaji sentimita 225. Ndipo hurundikwa mmoja juu ya mwingine, na kiti cha watu watatu kikawa cha mito mitano na mtu mmoja. Wapambaji wengi hupendelea idadi isiyogawanyika kwa mbili, yaani mitatu au mitano, kwa hoja kwamba macho hayaigawi katika jozi haraka na hivyo mpangilio huonekana kuwa na uhai. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, ni kanuni ya macho tu, na ikigongana na mahitaji ya anayeketi yafaa iachwe bila majuto.

Kwa nyumba ya kawaida, mito mitatu yatosha kochi la watu watatu: miwili kwenye pembe moja, na mmoja kwenye pembe ya pili. Ule mkubwa, wa sentimita 50, hutangulia nyuma ukiegemea mkono wa kochi, na mdogo wa sentimita 40 ukakaa mbele yake kwa mshazari kidogo. Katikati huachwa wazi. Mgeni akiingia huona nafasi yake bila kuambiwa, na anayetaka kuegemea ubavu hukuta mto umekwisha kumsubiri. Viti vya mtu mmoja hutoshwa na mto mmoja kila kimoja, au visiwe nao kabisa.

Makochi ya umbo la herufi L, ambayo yameenea sana mijini, yana siri moja ambayo wengi hawaitumii. Ile pembe ya ndani ambapo pande mbili hukutana ni mahali ambapo watu wazima wawili hawawezi kuketi pamoja bila magoti yao kugongana. Kwa kuwa haikaliwi sana, hapo ndipo makao halali ya mito mikubwa. Mtu anaweza kuweka hata minne bila kumnyima yeyote nafasi, na umbo hilo la mlima mdogo pembeni huupa chumba uzuri wote uliokuwa ukitafutwa kwa kuitawanya kila mahali.

Kuna makochi ambayo egemeo lake lenyewe ni mito mikubwa isiyoshonewa. Hayo hayahitaji nyongeza ila mmoja au miwili. Kwa upande mwingine, benchi la mbao lisilo na egemeo, au baraza ya saruji nje ya mlango, ndiyo yenye haki kubwa zaidi ya kupewa mito, na ajabu ni kwamba ndiyo husahauliwa. Makochi ya ngozi bandia nayo huteleza. Mto wa satini juu yake hauwezi kukaa mahali ulipowekwa hata kwa dakika tano, na dawa yake ni kuchagua kitambaa chenye mkwaruzo, kama vile pamba nzito.

Suala la vitambaa vya kroshia haliwezi kupuuzwa. Katika nyumba nyingi za Kenya pambo la kwanza la kochi lilikuwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono na kutandazwa juu ya egemeo. Desturi hiyo ilishika nchini Uingereza katika karne ya 19, wakati wanaume walipopaka nywele mafuta yaliyoitwa Macassar na wenye nyumba wakatafuta jinsi ya kuyakinga makochi yao dhidi ya madoa. Kitambaa, basi, kilikuwa na kazi, na bado kinayo kwa watu wapakao mafuta kichwani. Shida huzuka pale mito inapowekwa juu yake, kwani kila mtu anapoegemea, mto huteremka na kukivuta kitambaa pamoja nao. Aliye na vitambaa vya kumridhisha na aviache vionekane, apunguze mito hadi ile ya pembeni.

Katika uteuzi wa rangi, njia rahisi ni kuanza na kitu ambacho hakitabadilishwa karibuni, kama zulia au pazia, na kuchukua rangi moja kutoka humo. Kochi la damu ya mzee au hudhurungi huchangamshwa na mito ya rangi ya maziwa, haradali au samawati. Kochi lenye maua hupendeza kwa mito isiyo na maua, na kinyume chake. Mazingira nayo yana kauli. Katika maeneo yenye udongo mwekundu, mito myeupe huwa ya rangi ya chai kabla ya mwezi kwisha, na familia yenye watoto wadogo haina haja ya kushindana na udongo huo. Hudhurungi na kijani kibichi huuficha vyema.

Vitambaa vya kwetu vinafaa mno kwa kazi hii. Kikoi, ambacho pamoja na kanga hupatikana kwa wingi katika maduka ya Barabara ya Biashara mjini Mombasa, ni pamba imara yenye mistari inayomsaidia fundi kukata pasipo kupinda. Kitenge kina rangi zisizochuja upesi. Kanga ndiyo yenye mtego. Ikikatwa ovyo, mji wa kanga hupoteza maua yake ya katikati na pindo hubaki vipande visivyolingana. Tena kuna jina, yaani yale maandishi. Atakayeliacha litokeze mbele ya mto na alisome kwanza mara mbili, maana majina mengine ni ya mafumbo na vijembe, na haipendezi mama mkwe aegemee neno ambalo atadhani lilichaguliwa kwa ajili yake.

Gharama si kubwa kwa anayeshonesha. Mita moja ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150 hutoa vipande sita vya sentimita 48 kila upande, vitatu kwa upana na viwili kwa urefu, na vipande hivyo ni foronya tatu za sentimita 45 baada ya mshono. Maua makubwa yanayotakiwa kukaa katikati hupunguza idadi hiyo. Zipu na iwekwe upande wa chini. Foronya iliyoshonwa moja kwa moja bila zipu wala vifungo haitafuliwa kamwe, na huo ndio mwanzo wa harufu inayosumbua sebule nyingi.

Kinachojazwa ndani huamua kama mpangilio utadumu. Sufi, ile pamba nyepesi itokayo katika maganda ya mti wa msufi, imetumiwa tangu zamani katika mito na magodoro ya Pwani. Nyuzi zake zina uwazi ndani na hazinyonyi maji kwa urahisi, na ndiyo maana ziliwahi kujazwa katika majaketi ya kuokolea maisha baharini. Mto wa sufi ni baridi na mwepesi, ila hujikusanya madonge baada ya muda na huhitaji kuanikwa juani na kuchambuliwa. Nyuzi za poliesta hufuliwa kwa urahisi na kurudia umbo. Kwa vijazo laini kama hivi, mto wa ndani uzidi foronya kwa sentimita tano hivi. Pembe zitajaa na mto hautaonekana kama gunia nusu tupu. Kipande cha sponji chenyewe hukatwa kwa kipimo cha foronya barabara.

Wapo wapambaji wanaopiga mto kwa ukingo wa kiganja hadi ufanye bonde juu, mtindo uonekanao sana katika picha. Bonde hilo hutokea kwenye mito ya manyoya au nyuzi laini pekee. Anayekipiga kipande cha sponji atauumiza mkono wake bure.

Mito iliyojazwa vipande vya sponji ndiyo ya bei nafuu zaidi, na ndiyo inayodai tahadhari. Sponji ya poliurethani huwaka kwa kasi na kutoa moshi mzito wenye gesi za sumu, zikiwemo kaboni monoksidi na sianidi ya haidrojeni. Mnamo 1979 moto ulizuka katika duka la Woolworths mjini Manchester, Uingereza, ambapo fanicha za sponji zilishika moto na watu 10 wakafariki. Kufikia 1988 nchi hiyo ilikuwa imetunga kanuni zinazotaka vijazo na vitambaa vya fanicha vistahimili moto. Katika chumba kimoja ambamo familia hupika, husoma kwa mshumaa au koroboi umeme ukipotea, na kulala, rundo la mito kando ya jiko ni hatari isiyohitaji kuelezwa mara mbili. Sufi nayo hushika moto upesi, hivyo asidhani mtu kwamba cha asili ndicho salama.

Hatari ya pili huwahusu watoto wachanga, nayo ndiyo inayosahauliwa hata na wazazi waangalifu. Mtoto aliyelala kochini huzungushiwa mito ili asianguke. Mito hiyo inayodhaniwa kuwa ukuta ndiyo inayoweza kumziba pua, na mtoto wa miezi michache hana nguvu ya kugeuza uso wala kuusukuma mto. Mwanya kati ya kiti na egemeo la kochi huweza kumnasa vilevile. Chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kilisisitiza kwamba mtoto alazwe chali, mahali pagumu na tambarare pasipo na mito, na kwamba kochi ni mahali pa hatari mno pa kumlaza. Mzazi anayehisi usingizi akiwa na mtoto kifuani kwenye kochi na aondoke hapo kabla hajasinzia.

Vumbi ni adui wa polepole. Visusuli wadogo wasioonekana kwa macho hustawi katika mito yenye unyevu, hasa maeneo ya Pwani, na huchochea pumu na mafua ya mzio. Kufua foronya kwa maji ya moto ya nyuzijoto 60 huwaua. Aliye na mgonjwa wa pumu nyumbani apunguze mito badala ya kutafuta manukato ya kuinyunyizia.

Wanunuzi wa mitumba katika masoko kama Gikomba jijini Nairobi na Kongowea mjini Mombasa hupata foronya nzuri kwa bei ya chini, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Lakini kila mshono na kila kona ya zipu ipekuliwe kabla ya kuingizwa nyumbani, kwa kuwa humo ndimo kunguni hujificha na kutaga mayai. Foronya itiwe katika maji yanayochemka au ipigwe pasi ya moto kwenye mishono. Mto wenyewe wa ndani ni bora ununuliwe mpya, maana pasi haifiki katikati yake.

Hatimaye, sebule yenye mito mingi inahitaji mahali pa kuipeleka wageni wanapofurika, kama siku ya harusi, matanga au chama cha akina mama. Kikapu kikubwa cha ukili pembeni mwa kochi hutosha. Mito mikubwa zaidi hushushwa sakafuni juu ya mkeka, watoto wakaketi hapo, na makochi yakaachiwa wazee.